Kozi Ngapi Zimepanda? Mwongozo kwa Kamati ya Ujenzi wa Shule

Ukiingia kwenye kamati ya ujenzi wa shule utakabidhiwa mchoro, BOQ (orodha ya kazi na vifaa pamoja na gharama zake) na kiasi cha fedha ambacho tayari kimetangazwa hadharani. Wananchi wanajua mnajenga nini na kwa shilingi ngapi, na wanasubiri kukiona. Si lazima uwe mhandisi. Unachotakiwa kujua kila wiki ni mambo mawili: kazi imefika wapi, na kitu gani kimebadilika tangu mlipokubaliana. Kamati nyingi hukwama kwa kuyatenganisha mambo haya. Hupima maendeleo kwa mpango wa mwanzo huku mafundi wakijenga kitu kingine, au huruhusu mabadiliko na kusahau kurudi kwenye mpango kuurekebisha. Ikifika hapo, swali la "tumefika wapi?" halijibiki tena, kwa sababu hakuna anayejua mnapima kwa kulinganisha na nini.

Mwongozo huu unazungumza na kamati za shule za umma Tanzania, zile zinazojenga kwa fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe, inaajiri mafundi wa hapohapo, na halmashauri inatoa mhandisi wa kukagua. Mwishoni mwa 2021 nchi nzima iliuona utaratibu huu ukifanya kazi kwa kasi kubwa. Katika mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, serikali ilitenga fedha za madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, kila darasa kwa shilingi milioni 20, na yote yalitakiwa kuwa tayari shule zinapofunguliwa Januari 2022. Walimu, wazazi na wenyeviti wa vitongoji wakawa wasimamizi wa miradi kwa wiki chache. Utaratibu huo unaendelea, na huenda zamu ya shule yenu ndiyo inayofuata.

Fungeni mpango kabla ya kuchimba

Chukueni mchoro, BOQ na ratiba, mkae pamoja kamati nzima, fundi mkuu na mhandisi wa halmashauri. Someni ukurasa kwa ukurasa. Mkikubaliana, sainini kila ukurasa na kuandika tarehe. Nakala moja ibaki ofisini kwa mkuu wa shule, moja iwe saiti ndani ya mfuko wa nailoni, moja iende halmashauri. Kuanzia siku hiyo, huo ndio mpango wenu wa kupimia. Mtu akitaka kuugusa, atapita kwenye njia nitakayoieleza.

Kisha gaweni kazi kwa hatua ambazo hata mzazi anayepita njiani anaweza kuziona kwa macho. Tuchukue mfano wa madarasa mawili yaliyotengewa milioni 40, yakamilike kwa wiki 12. Namba hizi ni za kujifunzia. Zenu mtazitoa kwenye BOQ. Msingi mpaka jamvi, milioni 9. Ukuta mpaka usawa wa linta, milioni 5. Linta na kozi za juu, milioni 3. Kupaua, milioni 9.5. Lipu na sakafu, milioni 5.5. Milango, madirisha na grili, milioni 4. Rangi, ubao na umaliziaji, milioni 2. Jumla ni milioni 38. Zinazobaki, milioni 2, ziitwe tahadhari na zisiguswe mpaka pawe na karatasi ya kuziomba.

Kila hatua ipewe tarehe ya kumalizika. Hapo msisahau mvua. Ukianza Oktoba unaingia kwenye vuli, kwa hiyo paa likichelewa, lipu ya ndani, sakafu na rangi vyote vinachelewa nalo. Katika darasa la kawaida mnyororo unaoamua tarehe ya mwisho ni huu: msingi, ukuta, linta, paa, lipu, rangi. Fremu na grili si sehemu ya mnyororo huo, zinaweza kuchomelewa karakana wiki ukuta unapopanda. Mjumbe anayeujua mnyororo huu anajua siku gani aumize kichwa na siku gani asiumize.

Mabadiliko yanayoombwa na mabadiliko ya kimya

Yapo mabadiliko yanayolazimishwa na ardhi au soko. Mmechimba mkakuta udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mhandisi anasema msingi uende chini zaidi na uongezwe nondo. Haya hayana mjadala mrefu. Yaandikeni, yapimeni, endeleeni.

Yapo yanayoletwa na watu, na mara nyingi watu wenye heshima. Diwani anapita saiti anasema, "Hapa katikati wekeni ofisi ya walimu." Mgeni wa ziara anaagiza kuta ziongezwe kozi mbili ili darasa lipate hewa. Mzee aliyetoa kiwanja anataka mlango uangalie barabarani. Mara nyingi wazo lenyewe ni jema. Tatizo ni kwamba limesemwa mbele ya fundi, na fundi kwa adabu ameitikia "sawa mheshimiwa", na kesho yake asubuhi amelianza. Hakuna aliyeuliza fedha itatoka wapi.

Mkubwa anaweza kujibiwa kwa heshima zote bila kufungua mlango huo. Mfundisheni fundi mkuu na kila mjumbe kusema jambo moja: "Mheshimiwa, tumelipokea na tunaliandika sasa hivi. Kamati itakaa kesho kulipima na tutakuletea jibu." Kisha liandikwe palepale, yeye akiona. Kiongozi mwenye nia njema hufurahi kuona wazo lake limeingia kwenye kitabu. Maelekezo yakija kwa simu, mkuu wa shule atume ujumbe mfupi wa maandishi jioni hiyohiyo: "Kwa kuthibitisha maelekezo yako ya leo kuhusu kozi mbili za nyongeza, kamati inafanya hesabu na itatoa majibu Alhamisi." Ujumbe huo mmoja umeokoa wakuu wa shule wengi, maana siku ya ukaguzi simu haina shahidi.

Aina ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu haiombwi na mtu yeyote. BOQ imetaja bati za geji 28; duka limeishiwa, dereva amerudi na geji 30. Namba imeongezeka, lakini bati limekuwa jembamba zaidi. Mchoro unataka nondo za milimita 12 kwenye linta, zimewekwa za milimita 10. Tofauti ya milimita 2 inaonekana ndogo, ila ukipiga hesabu ya eneo la chuma unakuta karibu theluthi ya nguvu ya nondo imeondoka. Zege lililoandikwa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, limechanganywa 1:3:6 kwa sababu saruji ilikuwa inakaribia kwisha na lori jipya halijafika. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyekubali, na ukuta ukishapakwa rangi hakuna atakayeona. Haya ni mabadiliko kamili, na yanapaswa kupita kwenye karatasi ileile anayopitia diwani. Kama geji 30 ndiyo iliyopo mkoa mzima, sawa, mhandisi aandike kwamba ameikubali na bei ishuke kulingana na bati lenyewe.

Karatasi moja kwa kila badiliko

Ipeni kila hoja ya mabadiliko namba: M1, M2, M3. Karatasi ijibu haya tu: nini kinabadilika; nani ameomba na kwa sababu gani; itaongeza au kupunguza shilingi ngapi; itaongeza siku ngapi; kazi gani nyingine zitaguswa; fedha inatoka wapi; nani ameidhinisha na lini. Ukurasa wa mwisho wa kitabu uwe na orodha ya namba zote, zilizokubaliwa na zilizokataliwa. Zilizokataliwa ziachwe humohumo, kwa sababu mwezi ujao hoja ileile italetwa tena na mtu mwingine.

Kipengele cha kazi nyingine zitakazoguswa ndicho watu hukijaza kwa haraka kuliko vyote, na ndicho kinachostahili muda. Tuzichukue zile kozi mbili za hewa. Madarasa mawili yaliyoungana, urefu mita 18 na upana mita 8, pamoja na ukuta wa katikati, yana mita 60 za ukuta. Tofali la inchi 6 lina urefu wa sentimita 45, hivyo kozi moja inakula tofali 133 na mbili zinakula 266, ongeza zitakazovunjika. Fundi atakuambia hapo ndipo gharama inapoishia. Haiishii hapo. Kimo kimeongezeka sentimita 45 kwa mita 60, yaani mita za mraba 27 za ukuta. Ukuta una pande mbili, kwa hiyo ni mita za mraba 54 za lipu, na lipu hiyo inahitaji rangi. Jukwaa la mafundi linapanda juu zaidi, mbao zinaongezeka. Tofali na mchanga vinahitaji tripu nyingine ya lori. Kupaua kunasogea mbele siku mbili au tatu, na kama ni Novemba, siku hizo ni za mvua. Baada ya hesabu hii kamati inaweza bado kusema ndiyo, na pengine ifanye hivyo, kwa sababu watoto watakaa ndani ya darasa hilo miaka 40. Lakini itasema ndiyo ikijua inanunua nini.

Badiliko pia lina bei ya wakati. Kuhamisha mlango kwenye mchoro ni kazi ya kufuta mstari. Kuuhamisha kabla tofali hazijapangwa ni kuongea na fundi dakika tano. Kuuhamisha baada ya linta kumwagwa ni kubomoa zege na nondo. Historia ya ujenzi ina mfano maarufu wa jambo hili. Jumba la opera la Sydney, Australia, lilianza kujengwa 1959 michoro ya paa ikiwa haijakamilika. Baadaye nguzo za chini zilizokwisha simama zikaonekana haziwezi kulibeba paa lenyewe, ikabidi zijengwe upya. Jumba lililokadiriwa kugharimu dola milioni 7 za nchi hiyo na kwisha 1963 lilifunguliwa 1973 likiwa limegharimu milioni 102. Kwa hiyo wekeni tarehe ya mwisho ya maombi kwa kila hatua. Hoja za msingi zisipokelewe baada ya jamvi, za milango na madirisha zisipokelewe baada ya ukuta kufika linta, isipokuwa mhandisi ameona hatari.

Mkubaliane pia mapema nani ana mamlaka ya kiasi gani. Fundi mkuu aweze kuamua mwenyewe mambo yasiyogusa fedha, mchoro wala ubora, kama vile tofali zipangwe upande upi wa saiti. Kamati iamue yanayomezwa na tahadhari. Chochote kinachogusa msingi, nguzo, linta au kenchi kiende kwa mhandisi, hata kama hakiongezi senti moja. Kinachozidi fedha iliyopo kiende halmashauri kwa barua. Na kila hoja ijibiwe haraka. Siku mbili zinatosha kwa mengi. Kamati inayochelewa kujibu inamwacha fundi na njia mbili, kukaa bure akilipwa au kuamua mwenyewe, na zote zinawaumiza.

Badiliko likishakubaliwa, rudini kwenye mpango wa kupimia siku hiyohiyo na kuurekebisha: kiasi cha hatua husika, tarehe yake, na tarehe za zote zinazofuata. Andikeni pembeni "kwa M1". Msifute namba ya zamani. Ichoreni mstari mmoja ili iendelee kusomeka.

Katika mfano wetu, tuseme M1 ni ule msingi wa udongo wa mbuga. Umeongeza milioni 1.2 na wiki moja ya kazi. Hatua ya msingi sasa ni milioni 10.2, tahadhari imebaki laki 8, na mradi wa wiki 12 umekuwa wa wiki 13. Shikeni namba hizi.

Kupima kilichopo

Ukiuliza saitini "mmefika asilimia ngapi?" utajibiwa "tuko asilimia 80, mwalimu", na wiki tatu baadaye utajibiwa hivyohivyo. Si kwamba fundi anadanganya. Asilimia ya kukisia haina kitu cha kuishikilia. Uliza vitu vinavyohesabika. Kozi ngapi zimepanda? Kenchi ngapi ziko juu? Madirisha mangapi yana grili? Chumba kipi lipu imekauka? Na hesabu mwenyewe, kwa kidole, ukiwa umesimama hapo.

Kwenye fedha, tumieni sheria kali: hatua ambayo haijakwisha haihesabiwi kabisa. Ukuta uliobakiza kozi mbili kufika linta una thamani ya sifuri kwenye kitabu mpaka ufike. Sheria hii inaudhi, na wapo watakaosema haimtendei haki fundi. Mimi naipenda kwa sababu inaondoa ubishi, na kwa sababu inawasukuma watu kumaliza walichoanza kabla ya kugusa kingine. Hatua ikionekana ndefu mno, igaweni vipande viwili, kama tulivyougawa ukuta kwenye linta.

Stoo ndiyo mahali pa pili pa kupimia. Mali bila daftari hupotea bila habari, nanyi mna saruji, nondo na misumari ambayo kila nyumba ya kijijini inaihitaji. Leja ioneshe kilichoingia kwa hati ya mapokezi na risiti, kilichotoka kwa saini ya fundi, na kilichobaki. Kila mwisho wa wiki mjumbe asiyehusika na stoo ahesabu mifuko na kulinganisha na leja. Hadi hapa kamati nyingi zinafika. Hatua inayofuata ndiyo hurukwa: kulinganisha vifaa vilivyotoka na kazi inayoonekana.

Turudi kwenye jengo letu la mita 18 kwa 8. Jamvi lake lina mita za mraba 144. Kwa unene wa sentimita 10, hizo ni takriban mita za ujazo 14.4 za zege. Zege la 1:2:4 linakula mifuko 6.4 hivi ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo jamvi zima linahitaji mifuko kama 92. Leja ikionesha imetoka 95, mko salama. Ikionesha 120, kuna mifuko 25 au zaidi iliyokwenda kwingine, au jamvi limemwagwa nene kuliko mchoro. Pimeni unene pembezoni. Na ikionesha 65 msishangilie kwamba mmebana matumizi. Mifuko 65 ni kama 4.5 kwa kila mita ya ujazo, na hicho ni kipimo cha 1:3:6. Mmeuziwa badiliko la kimya, na daftari la stoo ndilo lililolifichua. Mwombeni mhandisi atengeneze jedwali la namna hii kwa kila hatua: jamvi, linta, tofali, lipu. Kwake ni kazi ya saa chache, na nyinyi linawapa macho.

Picha nazo zisaidie. Kila Ijumaa mtu mmoja apige kutoka sehemu zilezile nne, siku zote zilezile, na azitume kwenye kundi la WhatsApp la kamati zikiwa na tarehe. Kabla zege halijamwagwa, nondo zipigwe picha zikiwa na futi ya chuma kando yake. Baada ya kumwaga hakuna atakayeziona tena.

Hesabu ya wiki ya sita

Sasa tuunganishe. Njia nitakayoonesha hutumika kwenye miradi mikubwa sana. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliiweka kwenye masharti ya mikataba yake mikubwa mwaka 1967. Haihitaji kompyuta, inahitaji namba tatu: kazi iliyopangwa kuwa imekwisha kufikia leo, kazi iliyokwisha kweli, na fedha iliyotumika kwenye kazi hiyo.

Ni mwisho wa wiki ya sita. Msingi umekwisha na ukuta umefika linta. Benki zimetoka milioni 19. Kabla ya kitu kingine, toeni thamani ya vifaa vilivyo stoo ambavyo havijatumika. Mmeshanunua bati na mbao za milioni 2.5, hivyo iliyoingia kwenye jengo ni milioni 16.5. Kamati nyingi huruka hatua hii na kuogopa bure, au kutulia bure.

Tuseme hamkuandika M1. Kwenye mpango wa zamani, wiki ya sita msingi, ukuta na linta vyote vilipaswa kuwa vimekwisha, yaani kazi ya milioni 17. Iliyokwisha ni ya milioni 14 tu, kwa kuwa linta haijamwagwa. Mmetumia 16.5. Kitabu kinasema mmechelewa na mmezidisha matumizi kwa milioni 2.5. Kila kazi ya shilingi 1,000 inawagharimu karibu 1,180. Kwa mwendo huo kazi ya milioni 24 iliyobaki itakula zaidi ya 28, na mradi utafika karibu milioni 44.8. Kikao cha kijiji kinaitishwa, na mtunza stoo anaanza kutazamwa vibaya.

Sasa tuseme mliandika M1. Msingi una thamani ya milioni 10.2, hivyo kazi iliyokwisha ni ya milioni 15.2. Kwa ratiba iliyosogezwa wiki moja, ndicho hasa kilichopaswa kuwa kimekwisha. Hamjachelewa. Matumizi yamezidi kwa milioni 1.3. Kazi ya shilingi 1,000 inagharimu 1,085 hivi. Iliyobaki ya milioni 24 itakula takriban 26, na jumla itakuwa milioni 42.5. Bado kuna pengo la milioni 2.5 juu ya zile 40, na ni kubwa. Lakini ni pengo la kweli, lenye ukubwa unaoshikika, na mmeligundua kabla ya kupaua. Jengo ni lilelile na mafundi ni walewale. Karatasi moja ndiyo inayotofautisha taarifa mbili zinazopishana kwa zaidi ya milioni 2, na inamwondolea mtu tuhuma asiyostahili.

Sasa tafuteni ile 1.3 ilikokwenda. Bei ya saruji imepanda? Saiti nyingi za wilaya zikigombea mzigo uleule wiki ileile, bei haiwezi kutulia. Tofali zimevunjika kupita kiasi? Kuna ukuta uliorudiwa? Kama ni tukio la mara moja, makadirio ya 42.5 yanaweza kuwa makali kuliko hali ilivyo. Kama ni bei, itaendelea, na muanze kutafuta suluhisho leo.

Mnapochelewa au fedha inapopungua

Wiki mbili za taarifa mbaya mfululizo zinatosha kuchukua hatua. Msisubiri ya tatu. Angalieni kwanza kama ucheleweshaji uko kwenye mnyororo wa msingi, ukuta, linta, paa. Grili zikichelewa wiki moja wakati ukuta bado unapanda, hakuna kilichoharibika.

Kuongeza mafundi kunasaidia lipu na rangi, kazi zinazogawanyika vyumba kwa vyumba. Hakusaidii zege kukomaa. Jamvi na linta vinahitaji kumwagiliwa maji angalau siku 7, na nguvu ya zege hupimwa kwa siku 28. Siku hizo hazinunuliki. Mtu akiwashauri kutoa mbao za linta mapema ili ratiba ionekane nzuri, huo ni ushauri wa kuwaangushia watoto ukuta, na aambiwe hivyo waziwazi.

Fedha ikipungua, msipunguze kwa siri. Leteni orodha ya vitu vinavyoweza kusubiri bila kudhuru jengo: rangi ya nje, dari, sakafu ya kibaraza. Kila kinachosogezwa kipewe namba yake ya M, ili shule ijue inachodaiwa. Bati, nondo, saruji na dawa ya mchwa kwenye mbao visiwe kwenye orodha hiyo. Nguvu za wananchi nazo zihesabiwe vizuri. Wazazi wakisomba mawe na mchanga, andikeni ni tripu ngapi na zingegharimu kiasi gani, la sivyo kitabu kitaonesha mmejenga kwa bei ambayo kamati ijayo itashindwa kuifikia, nayo italaumiwa.

Kikao cha wiki kifanyikie saiti, mkiwa mmesimama mbele ya kazi, kisizidi saa moja. Mwenyekiti aanze kwa kusoma hatua iliyopaswa kuwa imekwisha, watu waende kuiona, kisha zisomwe hesabu za stoo, kisha hoja mpya za M, kisha yatajwe mambo yanayoweza kuzuia kazi ya wiki ijayo: lori, fedha benki, maji, msiba kijijini. Kila jambo liondoke na jina la mtu na siku. Taarifa ya ukurasa mmoja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa kijiji, ikiwa na zile namba tatu na orodha ya mabadiliko yaliyokubaliwa. Mzazi aliyechanga ana haki ya kuisoma bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Siku ya makabidhiano, msipeane ufunguo peke yake. Mhandisi apite na mchoro wa mwanzo mkononi na orodha yenu ya M, achore kila kilichobadilika kwa kalamu nyekundu: msingi ulipokwenda chini zaidi, mlango ulipohamia, bomba la maji linapopita. Mchoro huo wenye kalamu nyekundu uwekwe kwenye faili la shule pamoja na leja ya stoo na picha za nondo. Sehemu ya malipo ya fundi ibaki mpaka kipindi cha matazamio kiishe, kama mkataba wenu unavyosema, na tarehe ya ukaguzi wa mwisho iandikwe kwenye kalenda ya mkuu wa shule siku hiyohiyo, ikiwezekana baada ya masika, paa likiwa limeshapigwa na mvua.